Wasomaji Wanauliza: Joe Louis, Bingwa Aliyetetea Mkanda Mara 25

Katika toleo lililopita safu hii iliwapanga mabingwa wa ndondi wa uzito wa juu kwa kufuata urefu wa utawala wao, na jina la Joe Louis wa Marekani likawekwa juu ya yote. Barua zilizofuata zimekuwa nyingi, na zilizo nyingi zina shaka, kwa kuwa wasomaji wetu wanamfahamu zaidi Muhammad Ali kuliko mtu huyu aliyemtangulia kwa kizazi kizima. Tumechagua maswali yaliyorudiwa mara kwa mara na kuyajibu kwa kadiri nafasi inavyoruhusu.

Ndugu Mhariri, mmemweka Joe Louis juu ya Muhammad Ali. Alifanya jambo gani hasa la kustahili nafasi hiyo?

Kipimo cha orodha ile kilikuwa muda, na kwa muda hana mpinzani. Louis alitwaa ubingwa wa dunia tarehe 22 Juni 1937 mjini Chicago, alipomwangusha James Braddock katika raundi ya 8, naye akaushikilia hadi alipotangaza kustaafu tarehe 1 Machi 1949. Ni miaka 11 na miezi 8 bila kukatika, na katika kipindi hicho alitetea mkanda wake mara 25. Larry Holmes, aliyekuja miongo kadhaa baadaye na kutawala kwa muda mrefu, aliishia mara 20. Katika mapambano 69 ya kulipwa Louis alishinda 66, kati ya hayo 52 kwa KO (mpinzani kuangushwa au kupigwa hadi asiweze kuendelea), na akapoteza matatu tu, mawili kati yake akiwa amerudi ulingoni baada ya kustaafu kwa sababu alihitaji fedha.

Kama swali lingekuwa nani kati yao alikuwa na ulimi mkali zaidi, tungelijibu kwa neno moja na kwenda kulala. Lakini hesabu hizo hazieleweki vizuri bila kujua mlango ulivyokuwa umefungwa kabla ya Louis. Jack Johnson, Mwafrika Mmarekani wa kwanza kuwa bingwa wa uzito wa juu, alitwaa taji mwaka 1908 na kulipoteza kwa Jess Willard mjini Havana mwaka 1915. Baada ya hapo, kwa miaka 22, hakuna bondia mweusi aliyepewa nafasi ya kuwania taji hilo. Harry Wills, aliyekuwa miongoni mwa mabondia bora wa miaka ya 1920, alizeeka akimsubiri bingwa Jack Dempsey, na pambano hilo halikufanyika. Kwa hiyo Louis alipopanda ulingoni Chicago alikuwa anabeba zaidi ya jina lake, na kila mtu aliyekuwa upande wake alijua kwamba akiteleza, kwa ngumi au kwa tabia, mlango ungefungwa tena.

Nimesoma kwamba Ali alimwita Louis kibaraka wa Wazungu. Je, ni kweli kwamba alikuwa mnyenyekevu kupita kiasi?

Ali aliwahi kumpa jina la dharau la namna hiyo, na Louis naye kwa muda mrefu aliendelea kumwita Ali kwa jina lake la zamani, Cassius Clay, kwa hiyo hakuna aliyebaki mikono mitupu katika ugomvi huo. Baadaye walipatana.

Kuhusu unyenyekevu, lazima msomaji ajue kwamba ulipangwa. John Roxborough, mfanyabiashara wa Detroit aliyemchukua Louis akiwa bado bondia wa ridhaa, pamoja na mshirika wake Julian Black wa Chicago, walimwekea kijana huyo masharti ya kuishi nayo mbele ya watu. Asipigwe picha akiwa na mwanamke wa Kizungu. Asiingie peke yake katika vilabu vya usiku. Asimcheke wala kumkejeli mpinzani aliyeanguka. Asikubali pambano la kupangwa matokeo. Mbele ya kamera, uso wake usioneshe furaha wala hasira. Kila sharti lilikuwa kinyume cha Jack Johnson, ambaye alimcheka kila aliyempiga, alioa wanawake wa Kizungu na hakumwomba mtu radhi. Johnson alipomshinda Jim Jeffries, Mzungu na bingwa wa zamani, mjini Reno tarehe 4 Julai 1910, ghasia za kibaguzi zilizuka katika miji mingi ya Marekani na watu wakauawa. (Inafaa kuongeza kwamba Roxborough mwenyewe, mwalimu wa adabu hizo, aliendesha bahati nasibu haramu na baadaye akafungwa kwa ajili yake.)

Katika maisha yasiyo na kamera Louis alikuwa mtu wa starehe, mwenye wapenzi wengi na mkono usiojua kufumba fedha. Ule uso wa jiwe ulikuwa vazi la kazi. Kumhukumu kwa sababu hakusema aliyoyasema Ali ni kusahau kwamba Ali alizaliwa mwaka 1942, akakuta mlango uko wazi, na aliyeufungua alikuwa huyu mnyamavu.

Tafadhali nielezeeni mapambano yake mawili na Mjerumani Max Schmeling. Nasikia moja lilikwisha kabla watu hawajaketi.

Karibu ni kweli, lakini lazima tuanze na lile la kwanza, kwa kuwa bila hilo la pili halina uzito.

Katikati ya mwaka 1936 Louis alikuwa na umri wa miaka 22, hajashindwa tangu aanze ngumi za kulipwa, na alikuwa ameshawapiga mabingwa wawili wa zamani, Primo Carnera na Max Baer. Schmeling, aliyekuwa bingwa wa dunia kuanzia 1930 hadi 1932, alikuwa akikaribia miaka 31 na wengi walimwona kuwa amekwisha. Mjerumani huyo aliketi akatazama filamu za mapambano ya Louis na akagundua kasoro moja: kila Louis alipokwisha kurusha ngumi ya kushoto ya kunyoosha, mkono ule ulirudi chini badala ya kurudi kwenye shavu, na kwa kitambo kidogo upande wa kushoto wa uso wake ukabaki bila ulinzi. Tarehe 19 Juni, katika uwanja wa Yankee Stadium mjini New York, Schmeling alisubiri kitambo hicho kwa subira ya mvuvi. Mkono ulipoteremka, ngumi yake ya kulia ilipita juu yake. Louis aliangushwa katika raundi ya 4, akaendelea kupigwa kwa ngumi ileile raundi baada ya raundi, na katika raundi ya 12 akahesabiwa hadi kumi.

Schmeling alirudi Ujerumani na kupokewa na Hitler, na propaganda ya Wanazi ikautumia ushindi ule kama uthibitisho wa ubora wa mbari. Kwa haki ya michezo, yeye ndiye aliyestahili kukutana na Braddock kwa ajili ya taji. Lakini upande wa Braddock ulimchagua Louis, kwa sababu palikuwa na fedha zaidi na kwa sababu wengi waliogopa kwamba taji likienda Ujerumani halitarudi. Promota Mike Jacobs alilainisha mambo kwa mkataba ambao hadi leo unashangaza: Braddock angepata asilimia 10 ya faida yake Jacobs kutokana na mapambano ya ubingwa wa uzito wa juu kwa miaka 10. Braddock alimwangusha Louis katika raundi ya kwanza, akapigwa vibaya katika zilizofuata, na akaenda nyumbani akiwa na pensheni nono kuliko bingwa yeyote aliyewahi kuvuliwa taji.

Louis alisema hataki kuitwa bingwa hadi atakapomshinda Schmeling. Siku ikafika, 22 Juni 1938, uwanja uleule, watu wapatao 70,000 wakiwa ndani na mamilioni wakisikiliza redioni. Kengele ilipolia hakukuwa na kupimana. Louis alianza kwa ngumi za kushoto za kunyoosha, safari hii mkono ukirudi mahali pake, kisha akamsukuma Schmeling hadi kwenye kamba. Hapo Mjerumani alining'iniza mkono wake wa kulia juu ya kamba ili asianguke, akageuza mwili, na ngumi ya kulia ya Louis ikamwingia ubavuni karibu na mgongo. Waliokuwa kando ya ulingo walimsikia akipiga ukelele. Baadaye ilibainika kuwa mfupa wa uti wa mgongo ulikuwa umevunjika. Aliangushwa mara tatu. Msaidizi wake Max Machon akarusha taulo ulingoni, lakini kanuni za New York hazikuitambua alama hiyo, na mwamuzi Arthur Donovan akaiokota na kuitupa kando kabla ya kulisimamisha pambano mwenyewe. Saa ilionesha dakika 2 na sekunde 4 za raundi ya kwanza.

Wasomaji watatu wameuliza kama Schmeling alikuwa Mnazi. Hakuwahi kujiunga na chama hicho, alikataa kumfukuza meneja wake Joe Jacobs aliyekuwa Myahudi, na mnamo Novemba 1938, usiku Wayahudi waliposhambuliwa kote Ujerumani, aliwaficha vijana wawili wa Kiyahudi katika chumba chake cha hoteli. Alikubali pia kutumiwa alipokuwa mshindi, na jambo hilo lisifichwe. Baada ya vita alitajirika kwa biashara ya Coca-Cola, akamtafuta Louis mwaka 1954, na urafiki wao ukadumu hadi kifo.

Wapinzani wake wengi walikuwa dhaifu. Je, rekodi ya mara 25 si ya kujazia tu?

Swali hili lina umri sawa na rekodi yenyewe, kwa kuwa waandishi wa wakati ule walikipa kipindi cha kuanzia Desemba 1940 jina la kejeli, wakisema Louis anajipatia mzembe mmoja kila mwezi. Tuwahesabu: Al McCoy mwezi Desemba, Red Burman mwezi Januari, Gus Dorazio Februari, Abe Simon Machi, Tony Musto Aprili, Buddy Baer Mei. Hakuna aliyekuwa bingwa mtarajiwa. Hata hivyo Simon alidumu raundi 13, na Baer alimpiga Louis katika raundi ya kwanza hata akapita katikati ya kamba na kutoka nje ya ulingo. Bingwa anayepigana kila mwezi hukutana na usiku mbaya hata mbele ya mpinzani wa kawaida, na mabingwa wa leo, ambao mara nyingi hupanda ulingoni mara moja au mbili kwa mwaka, hawajiweki katika hatari hiyo.

Kisha ukafika mwezi Juni 1941, na wa zamu akawa Billy Conn wa Pittsburgh, ambaye hakuwa mzembe hata kidogo. Conn alikuwa bingwa wa daraja lililo chini ya uzito wa juu, akauacha mkanda wake ili kupanda daraja, na kwenye mizani alizidiwa zaidi ya kilo 11. Kwa raundi 12 alimzungusha Louis kwa kasi ya miguu na mikono. Majaji wawili kati ya watatu walikuwa wamempa uongozi, na wa tatu aliwaweka sawa. Alichotakiwa kufanya ni kukimbia kwa dakika 9 zilizobaki. Badala yake, katika raundi ya 13, aliamua kumwangusha Louis, akasimama wapigane, na zikiwa zimebaki sekunde 2 raundi imalizike, akahesabiwa akiwa chini. Kabla ya marudiano ya mwaka 1946 Louis aliulizwa kuhusu kasi ya Conn, akajibu kwamba anaweza kukimbia lakini hana pa kujificha. Conn alianguka katika raundi ya 8.

Ninakubali kwamba orodha ya wapinzani wake ina majina mepesi. Ninachokataa ni dhana kwamba aliwachagua ili kukwepa wazito. Wote waliokuwa na madai ya kweli walipata nafasi, na wale waliomtia aibu, Arturo Godoy aliyemaliza naye raundi 15 mwaka 1940 na Jersey Joe Walcott aliyemwangusha mara mbili mwaka 1947, walipewa marudiano na wote wawili wakamalizwa. Baada ya lile la kwanza na Walcott, Louis alitaka kutoka ulingoni kabla matokeo hayajasomwa, kwa kuwa alidhani ameshindwa. Majaji walimpa ushindi kwa kura zilizogawanyika, na uamuzi ule unabishaniwa hadi sasa.

Mtindo wake ulikuwaje? Mimi ni kocha wa vijana.

Mwalimu wake, Jack Blackburn, aliyekuwa bondia wa uzito mwepesi, alimfundisha kwanza kusimama. Louis hakurukaruka, aliburuta miguu kwa hatua fupi ili uzito wake uwe tayari wakati wote, na ngumi zake zilisafiri umbali mdogo sana, nyingine zisizidi urefu wa kiganja. Aliporusha ya kwanza, ya pili na ya tatu zilikuwa zimeshaandaliwa na mzunguko wa kiuno kilekile. Udhaifu wake ulikuwa dhidi ya mtu anayecheza kwa miguu, kama Conn na Walcott walivyoonesha. Waoneshe vijana wako miguu yake kabla ya mikono.

Inawezekanaje mtu aliyechangia fedha za mapambano kwa jeshi la nchi yake adaiwe kodi na nchi hiyohiyo hadi kufilisika?

Swali hili limetumwa na wasomaji wengi kuliko mengine yote, na jibu lake halimpi sifa mtu yeyote.

Mwezi Januari 1942, mwezi mmoja baada ya Marekani kuingia vitani, Louis alitetea taji lake dhidi ya Buddy Baer na kutoa malipo yake, kiasi cha dola 47,000, kwa mfuko wa kusaidia familia za wanamaji, jeshi ambalo wakati ule liliwapokea watu weusi kwa kazi za jikoni na utumishi tu, isipokuwa wachache. Siku iliyofuata alijiandikisha jeshini kama askari wa kawaida. Mwezi Machi alimpiga Abe Simon na kutoa zaidi ya dola 36,000 kwa mfuko wa jeshi la nchi kavu. Mamlaka ya kodi iliyahesabu malipo hayo kuwa mapato yake, ingawa hakuzitia mfukoni.

Hata hivyo, mwenye kusimulia kisa hiki kana kwamba michango ile miwili ndiyo iliyomwangamiza anakifupisha. Mapambano yake yote yalimpatia fungu la zaidi ya dola milioni 4.6, na inakadiriwa kwamba zilizofika mikononi mwake mwenyewe ni takribani 800,000. Mameneja walichukua nusu. Wakati wa miaka ya jeshi hakupigana kwa malipo, akawa anakopa kwa Mike Jacobs na kwa Roxborough. Marudiano na Conn mwaka 1946 yalimpatia zaidi ya dola 600,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule, lakini wadai walikuwa wamepanga foleni, na viwango vya juu vya kodi ya mapato vya miaka ile vilikuwa vikubwa mno, hata vikapita asilimia 90. Mtu aliyekopa ili kulipa deni la mwaka jana anatozwa kodi juu ya kipato kilekile kilicholipa deni hilo, na riba haimsubiri. Yeye naye hakujibana: aligharimia ndugu, marafiki, timu ya mpira na biashara zilizokufa. Alipoanza kupata fedha alirudisha hata msaada ambao serikali ilikuwa imewapa wazazi wake wakati wa shida mjini Detroit, jambo ambalo hakuna aliyemtaka alifanye.

Mwaka 1950 deni lilikuwa limezidi dola nusu milioni, na ndiyo sababu alirudi ulingoni, akapoteza kwa pointi dhidi ya bingwa Ezzard Charles mwezi Septemba mwaka huohuo. Tarehe 26 Oktoba 1951 Rocky Marciano, bondia aliyekuwa amekua akimwona Louis kuwa shujaa wake, alimpiga hadi nje ya kamba katika raundi ya 8, kisha akamfuata chumbani akilia na kumwomba radhi. Mama yake Louis alipofariki mwaka 1953 alimwachia mwanawe dola 667, na mamlaka ya kodi ikazichukua. Kufikia mwisho wa muongo ule deni lilikuwa limepita dola milioni moja, naye alikuwa amecheza hata mieleka ya maonesho. Mapema miaka ya 1960 serikali ilikubali kumtoza kwa kadiri ya kipato chake cha wakati huo tu, maana hakukuwa na kingine cha kuchukua. Miaka yake ya mwisho aliitumia Las Vegas akiwa mpokeaji wa wageni katika hoteli ya Caesars Palace, kazi ambayo wengine waliiona kuwa ya kudhalilisha. Mimi sioni hivyo. Alipata mshahara na watu waliofurahi kumwona, na alikuwa amenyimwa vyote viwili na ofisi zilizomdai.

Ameacha nini nje ya ulingo?

Mambo mawili hayasimuliwi vya kutosha. Akiwa jeshini katika kambi ya Fort Riley, Kansas, alisaidia kuwaondolea vikwazo vijana weusi waliokuwa wamezuiwa kuingia katika mafunzo ya uofisa, na mmoja wao alikuwa Jackie Robinson, ambaye mwaka 1947 alivunja ubaguzi katika ligi kuu ya besiboli. Na mwaka 1952, akiwa mchezaji wa gofu wa ridhaa, alialikwa San Diego kwenye mashindano ya chama cha wachezaji wa kulipwa, ambacho katiba yake iliruhusu wanachama wa Kizungu tu. Chama kilitaka kumzuia. Louis, yuleyule aliyeambiwa asioneshe hasira, aliipeleka habari magazetini, akaruhusiwa kucheza, na kifungu kile cha katiba kikafutwa mwaka 1961.

Alifariki tarehe 12 Aprili 1981, siku moja baada ya kuhudhuria pambano la Larry Holmes na Trevor Berbick. Rais Ronald Reagan aliruhusu azikwe katika makaburi ya kijeshi ya Arlington ingawa hakutimiza masharti ya kawaida, na Schmeling alichangia gharama za mazishi. Detroit ina sanamu ya ngumi yake ya shaba iliyosimikwa mwaka 1986.

Kwa wale waliouliza filamu ipi waanze nayo, picha za mapambano yake mengi makubwa zimehifadhiwa na kupatikana kwa urahisi. Wengi wataanza na Schmeling wa 1938 kwa sababu ni fupi. Ushauri wangu ni kuanza na Conn wa 1941, kuanzia raundi ya 8, ambapo bingwa anaonekana waziwazi akishindwa na kuendelea kusogea mbele kwa hatua zilezile fupi.